Je, Wajua? Simu ya waya wa televisheni, kutoka Brussels hadi Banalia

Je, wajua kwamba ndugu yako wa Brussels anaweza kukupigia simu kwa waya uleule unaomletea mechi za mpira kwenye televisheni? Ubelgiji ni miongoni mwa nchi za Ulaya zilizotandaza waya wa televisheni mapema na kwa wingi. Kazi hiyo ilianza miaka ya 1960. Januari 1998, soko la simu la nchi hiyo lilipofunguliwa, kampuni ya waya wa televisheni ya Flanders, Telenet, ikaanza kuuza na simu. Waya wa picha ulikuwa umekwisha kufika sebuleni. Sauti ikaudandia tu.

Je, wajua kuwa mwaka 2023 Orange Belgium iliinunua VOO, kampuni yenye waya wa televisheni wa Wallonia na sehemu ya Brussels? Basi Mkongomani wa Liège anaweza kuwa mteja wa Orange kwa waya wa televisheni, na shangazi yake Kisangani akawa mteja wa Orange kwa kadi ya SIM. Jina moja, pochi mbili.

Na Banalia? Banalia iko kama kilomita 128 kaskazini ya Kisangani, kwenye barabara ya kwenda Buta, pale ambapo gari husubiri kivuko cha mto Aruwimi. Waya wa televisheni haujawahi kufika huko. Mkoa wa Tshopo una kilomita za mraba 199,567, mkubwa kuliko mikoa yote ya Kongo, na ndani yake ungeweza kuiweka Ubelgiji mara sita na nafasi ikabaki. Mwenye kampuni akipiga hesabu ya mita za waya kwa kila nyumba, hesabu inamkimbiza kabla hajamaliza.

Je, wajua waya wa televisheni ulizaliwa kwa sababu ya milima? Mwaka 1948 katika mji mdogo wa Mahanoy City, Pennsylvania, John Walson alikuwa na duka la vyombo vya umeme na televisheni zisizonunuliwa, kwa kuwa milima ilizuia mawimbi ya kutoka Philadelphia. Akasimamisha antena kileleni, akateremsha waya hadi mjini. Wamarekani bado wanabishana kama ni yeye wa kwanza au ni jamaa wa Oregon, na ubishi huo tuwaachie.

Sasa hapa kuna jambo la kutazama kwa makini, maana ndilo linaloeleza kwa nini televisheni nyingine huzaa simu na nyingine hazizai. Waya wa akina Walson ulikuwa wa njia moja: picha inateremka, hakuna kinachopanda. Vikuza mawimbi vilivyofungwa njiani vilisukuma upande mmoja tu. Ili mteja aweze kujibu, kampuni zililazimika kubadilisha vikuza hivyo kimoja kimoja na kutenga masafa ya chini kwa ajili ya kurudi, kati ya megahezi 5 na 42 huko Marekani, na hadi 65 Ulaya. Njia hiyo ya kurudi ni nyembamba, tena ina kelele: friji inayowaka, plagi iliyolegea kwa jirani, mashine ya kutobolea ukuta, vyote humwaga takataka zao humo na kukutana kwenye waya mkubwa wa mtaa. Mafundi wa waya huko Ulaya na Marekani hutumia siku nzima kumtafuta mteja mmoja anayechafua mtaa mzima.

Je, wajua, basi, kwa nini sahani ya Canal+ iliyoko juu ya paa Kisangani haitakupa simu kamwe? Ni kwa sababu ileile. Inapokea, haitumi. Setilaiti inakuletea Ligi ya Mabingwa lakini haikusikii ukimtukana refa.

Hata hivyo kampuni hiyo ya televisheni imeigusa biashara ya waya. GVA, iliyo katika kundi la Canal+, hutandaza nyuzi za kioo hadi majumbani katika miji kadhaa ya Afrika, Kinshasa na Kampala zikiwemo, kwa jina la CanalBox. Inauza intaneti. Simu ya mezani haina haja ya kuiuza: mteja akishapata Wi-Fi, WhatsApp inamaliza kazi.

Mfano ulio karibu zaidi na ule wa Ubelgiji uko Nairobi. Wananchi Group, iliyoanza na intaneti mwaka 1999, ilitandaza waya wa televisheni katika mitaa ya Nairobi na Mombasa na kuuza vitatu pamoja kwa jina la Zuku: televisheni, intaneti na simu ya nyumbani. Intaneti ndiyo iliyopendwa. Simu ya nyumbani ilikuja wakati Wakenya wameshaweka M-Pesa mfukoni, na nani ataacha simu yenye pesa ndani akakimbilie ile ya ukutani?

Je, wajua sauti yako hukatwakatwa? Katika simu ya waya wa televisheni, kifaa husikiliza sauti mara 8,000 kwa sekunde na kuandika kila mara namba moja. Jumla yake ni biti 64,000 kwa sekunde kwa kipimo cha kawaida, au 8,000 kwa kipimo cha kubana. Namba hizo hupangwa katika vifurushi vya milisekunde 20, yaani vifurushi 50 kila sekunde, kila kimoja kikiwa na anwani yake. Neno “Banalia” tu, likisemwa bila haraka, ni vifurushi zaidi ya 30.

Kifurushi kikipotea hakirudishwi, maana kikichelewa hakina faida tena. Mashine ya upande wa pili hudanganya kidogo: hurudia sauti iliyotangulia ili sikio lisigundue pengo. Vikipotea vingi ndipo unapomsikia mjomba akizungumza kama roboti.

Je, wajua kwamba simu ya kampuni ya waya si lazima ipite kwenye intaneti ya wote? Watu huchanganya hapa. WhatsApp, kama ilivyokuwa Skype, hutupa vifurushi vyake katika msongamano wa kila mtu. Kampuni ya waya huvibeba katika mtandao wake yenyewe hadi pale inapokutana na kampuni nyingine za simu, na sauti hutengewa nafasi yake kwa zamu bila kuiomba, hata kama mtoto chumbani anapakua filamu. Kanuni za modemu za waya, DOCSIS, zilitoka mwaka 1997. Zile za simu, PacketCable, mwaka 1999. Comcast ya Marekani ilianza kuuza simu hiyo kwa nguvu mwaka 2005, na kufikia 2009 ilikuwa ya tatu kwa wingi wa simu za nyumbani nchini humo. Kampuni ya televisheni!

Wa kwanza kabisa kusafirisha sauti kwa vifurushi papo kwa papo hawakuwa wafanyabiashara. Danny Cohen na wenzake walifanya hivyo mwaka 1974 kwenye ARPANET, mtandao wa jeshi na vyuo vya Marekani. Programu ya kwanza ya kuuzwa madukani ilitoka Februari 1995, kazi ya VocalTec ya Israeli. Katika kompyuta nyingi za siku hizo mliongea kwa zamu: mmoja anasema, mwingine anangoja.

Kuongea kwa zamu? Mtu wa Tshopo hashangai. Hiyo ni foni.

Foni, kwa vijana wasioikuta, ni redio ya masafa mafupi iliyowekwa misheni, kwenye zahanati kubwa, katika maduka ya wafanyabiashara na kwenye viwanja vidogo vya ndege. Mawimbi yake hupanda juu, hugonga tabaka la anga lenye chembe za umeme, kisha hurudi ardhini mamia ya kilomita mbali, bila mnara wala waya. Ulilipa, ukaketi, opereta akaita kituo cha pili, akakukabidhi kipaza sauti, ukaanza kusema. Ukimaliza unasema “à vous”. Ubaya wake ni kwamba kila mwenye redio kwenye masafa hayo alikusikia. Mahari, deni, ugonjwa wa aibu: mkoa mzima ulikuwa shahidi. Leo watu wanajadili usiri wa WhatsApp kana kwamba siri za simu zimeanza kuvuja juzi.

Je, wajua kwamba Kisangani ilikuwa na simu ya upepo kabla ya vita ya 1914? Mfalme Albert wa Ubelgiji alimpa mwanasayansi Robert Goldschmidt kazi ya kuunganisha koloni kwa telegrafu isiyo na waya, na kituo kimoja kikasimamishwa Stanleyville, kama mji ulivyoitwa wakati huo. Kupitisha waya msituni kulikuwa mateso: miti huangukia nguzo, mvua huozesha, tembo hujikuna. Basi wakaruka waya. Ndivyo ilivyokuwa tena na tena katika nchi hii: kila ilipofika zamu ya waya, Kongo iliruka.

Wataka ushahidi? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kongo nzima, yenye watu zaidi ya milioni 45, ilikuwa na simu za mezani zipatazo 10,000. Lakini tangu mwaka 1986 Kinshasa ilikuwa imeona Telecel, ya Miko Rwayitare na Joseph Gatt, mojawapo ya kampuni za kwanza za simu za mkononi Afrika. Ilikuwa simu ya wakubwa: mawaziri, majenerali, wafanyabiashara wa almasi. Celtel ikaja mwaka 2000, Vodacom 2002, na hapo simu ikashuka hadi kwa mama muuza chikwangue.

Je, wajua simu ya zamani zaidi ya Tshopo ni gogo? Walokele wa mtoni, chini kidogo ya Kisangani, walituma habari kwa ngoma ya mti iliyochongwa tundu lenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu, mwingine ya chini. Mmoja huitwa dume, mwingine jike. Lugha yao, kama nyingi za msituni, hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na ngoma hubeba huko kupanda na kushuka tu. Tatizo ni kwamba maneno mengi hugongana: mwezi na kuku, kwa mfano, vyote vina mapigo mawili ya juu. Dawa yao ilikuwa kurefusha. Hawapigi “mwezi”, wanapiga mwezi pamoja na sifa yake ya kuitazama ardhi kutoka juu. Ujumbe wa ngoma huweza kuwa mrefu mara nane kuliko wa mdomo.

John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu, aliichunguza ngoma hiyo na kuchapisha kitabu mwaka 1949. Yeye mwenyewe alikuwa na jina la ngoma, na akiwa msituni aliitwa kwa ngoma arudi kula. Usiku mtulivu au alfajiri sauti ilifika umbali wa kama kilomita 10, kisha kijiji kinachofuata kikaipokea na kuisukuma mbele. Wahandisi wa simu wa Marekani walikuwa wakilihangaikia jambo hilohilo miaka hiyohiyo ya 1940: njia ikiwa na kelele, uongeze nini ili ujumbe ufike mzima? Walokele waliongeza maneno. Simu ya intaneti, kama tulivyoona, huziba pengo kwa sauti iliyotangulia. Mimi nawapa Walokele ushindi, kwa sababu mtu hakuhitaji kusema “allô, allô, unanisikia?”

Na wajua Banalia iliingia katika vitabu vya Ulaya kwa sababu ya ngoma na wimbo? Julai 1888 Meja Barttelot, mkuu wa kikosi cha nyuma cha msafara wa Stanley, alikuwa amepiga kambi hapo pamoja na Wamanyema wa Tippu Tip. Alfajiri moja mwanamke alipiga ngoma na kuimba. Meja akatoka na bastola kwenda kumnyamazisha, na mume wa mwanamke huyo, Sanga, akampiga risasi. Stanley alifika Banalia mwezi uliofuata na kumkuta msaidizi mmoja tu wa Kizungu aliyebaki.

Turudi kwenye sauti za leo. Je, wajua kwa nini kwenye simu ya setilaiti ya zamani watu huingiliana maneno? Setilaiti inayoonekana kusimama mahali pamoja iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Sauti ikipanda na kushuka hutumia karibu robo sekunde, na jibu robo nyingine. Wataalamu wa kimataifa wa simu hushauri milisekunde 150 kwenda, isizidi. Ukizidi hapo, kila mmoja anadhani mwenziwe amenyamaza, wote wawili wanaanza pamoja, wote wawili wanaacha pamoja. Setilaiti za Starlink huruka karibu kilomita 550 tu, ndiyo maana huko ugomvi huo haupo. Kongo iliipiga marufuku Starlink Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Mei hiyohiyo Skype, iliyofundisha nusu ya dunia kupiga simu kwa kompyuta tangu 2003, ilifungwa.

Je, wajua mwanga unaweza kuvuka mto bila waya? Brazzaville na Kinshasa zinatazamana, lakini kuziunganisha kwa waya kulitaka mzunguko wa kilomita zaidi ya 400. Mwaka 2021 mradi wa Taara, wa kampuni mama ya Google, ulirusha miale ya mwanga juu ya maji, kilomita 4.8, na kubeba terabaiti 700 kwa siku 20. Ukungu mwepesi au ndege wakipita kati, mashine hujirekebisha. Aruwimi pale kivukoni ni mwembamba kuliko hapo kwa mbali, kwa hiyo si mto unaoizuia Banalia.

Kinachozuia ni umeme na wateja. Simu ya mezani ya zamani ilikula umeme wa volti 48 uliotoka kwenye kituo cha simu kupitia waya wake yenyewe. Taa zikizimika mtaani, simu inalia. Simu ya kampuni ya televisheni hutegemea modemu, na modemu hutegemea ukuta. Umeme ukikatika imekufa, isipokuwa iwe na betri. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ililazimisha kampuni kumpa mteja nafasi ya kununua betri ya saa 8, baadaye ya saa 24. Kisangani, ambako umeme wa bwawa la Tshopo una siku zake za kugoma, saa 8 zingepokelewa kwa kicheko.

Mwaka 2025 Vodacom na Orange, mahasimu wa siku nyingi, walikubaliana kujenga kwa pamoja minara ya sola vijijini Kongo, hadi 2,000 kwa miaka sita. Mnara wa sola hauulizi habari za bwawa.

Kama kuna anayeuliza haraka ya minara hiyo ni ya nini, akumbuke 2021. Wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo walianza kuonekana eneo la Banalia katikati ya mwaka, karibu na machimbo. Sampuli zilithibitishwa na Institut Pasteur ya Paris, na mlipuko ukatangazwa Septemba. Siku ya kutangaza walikuwa wamekwisha kufa watu 129.

Je, wajua kuhusu kodi ya RAM? Kuanzia Septemba 2020 serikali ya Kongo ilikata yuniti za kila mwenye simu, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na zaidi, kwa kisingizio cha kuandikisha vifaa. Watu walipiga kelele hadi ikafutwa mwaka 2022. Uganda nayo ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia WhatsApp na wenzake, kuanzia Julai 2018. Miaka mitatu baadaye ikageuza kodi hiyo kuwa asilimia 12 juu ya kila mega unayonunua.

Na kama dada yako yuko Dubai usimlaumu kwamba hapokei simu ya WhatsApp. Emirati huzuia simu hizo. Zinazoruhusiwa ni za programu zenye kibali, kama Botim. Ujumbe wa maandishi unafika vizuri.

Je, wajua kwa nini simu ya kutoka Ulaya huonyesha wakati mwingine namba ya Kongo usiyoijua? Kuna wajanja hupokea simu za nje kwa intaneti, kisha huzitoa kwa kisanduku chenye kadi za SIM nyingi, zionekane kama za hapa nchini. Hivyo hukwepa ushuru wa simu za nje. Sauti huwa mbovu na hazina ya taifa hupoteza, ingawa mwenye kupigiwa hulalamikia sauti peke yake.

Mwisho, kwa wa Brussels. Anza na 00 243, kisha uache ile sifuri ya mbele: 081, 082 na 083 za Vodacom huwa 81, 82, 83, 097, 098 na 099 za Airtel huwa 97, 98, 99. Na saa? Kongo ina saa mbili. Banalia na Kisangani hutangulia Kinshasa kwa saa moja mwaka mzima. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, saa ya Brussels na ya Banalia ni moja. Wakati wa baridi, Brussels hurudi kwenye saa ya Kinshasa, na Banalia inakuwa mbele kwa saa moja. Ukipiga saa nne usiku wa Desemba baada ya filamu yako kwisha, huku ni saa tano, na simu unayoiita huenda iko kwa mwenye sola, inachajiwa hadi asubuhi.